Barua ya wazi kwa Baba Askofu: Mmetukataza sindano, tufundisheni basi njia ya asili

Kwa Mhashamu Baba Askofu wa jimbo letu,
Nakala: Mapadre wote, watawa wanaosimamia zahanati zetu, Halmashauri ya Walei

YAH: KUTOFUNDISHWA KWA NJIA ZA ASILI ZA KUPANGA UZAZI PAROKIANI

Tumsifu Yesu Kristo.

Mhashamu Baba, mimi ni mama wa watoto watano, mwana WAWATA (umoja wa Wanawake Wakatoliki Tanzania), na kwa miaka 12 nimekuwa katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo. Barua hii nimeichelewesha sana, maana nimelelewa kuamini kwamba ya chumbani hubaki chumbani na ya Kanisa humalizwa kanisani. Nilianza kwa Paroko, ofisini kwake, nikaambiwa jambo litaangaliwa. Nikaandika kwa ofisi ya familia ya jimbo. Kwaresima mbili zimepita bila jibu. Mwaka jana tukaandika tena, wanawake 11 tukatia sahihi, barua ikapelekwa kwa mkono na kugongwa muhuri wa mapokezi. Nakala yenye muhuri ninayo. Jibu sina.

Wapo watakaosoma wakadhani naomba Kanisa libadili fundisho lake. Siombi hilo. Humanae Vitae, barua ya Papa Paulo VI kwa Kanisa zima, ya tarehe 25 Julai 1968, nimeisoma mwenyewe, sikusimuliwa. Najua kwamba kabla yake kulikuwa na tume iliyoanzishwa na Papa Yohane XXIII mwaka 1963, na kwamba wengi katika tume ile walipendekeza fundisho lilegezwe. Papa Paulo hakulilegeza. Alifundisha kwamba tendo la ndoa limebeba mambo mawili ambayo binadamu hana ruhusa ya kuyatenganisha: kuwaunganisha mume na mke, na kuwa wazi kwa uhai. Ndiyo maana vidonge, sindano, kijiti, kitanzi, kondomu na kufunga kizazi havikubaliki kwetu kama njia za kuzuia mimba, na ndiyo maana wanandoa wenye sababu ya kweli wanaruhusiwa kukutana katika siku ambazo mwanamke hawezi kushika mimba. Fundisho hili naliamini, tena nimeliishi na kuuona uzuri wake ndani ya nyumba yangu. Lakini nusu yake ya kwanza, ile ya katazo, tunaisikia kila mwaka. Nusu ya pili hatufundishwi, na wanaoumia ni wale hasa waliotaka kutii.

Hoja zangu ni hizi.

1. Saa moja ya mafundisho ya ndoa

Mimi na mume wangu tulihudhuria mafundisho ya ndoa kwa miezi mitatu. Tulifundishwa sakramenti, tulifundishwa ibada ya siku yenyewe, tulikumbushwa vyeti vya ubatizo na matangazo ya ndoa mara nyingi. Uzazi ulipewa saa moja, Jumamosi mchana, na mwalimu mwema ambaye naye hakuwa amefundishwa. Aliandika ubaoni namba 14, akaizungushia duara. Akasema hiyo ndiyo siku ya hatari, ikwepeni, na siku mbili tatu za kandokando yake. Nikanakili.

Ilinichukua miaka kujua kosa lilikuwa wapi. Yai hutoka yapata siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, siyo siku 14 baada ya kuanza ile iliyopita. Kwa mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28 hesabu hizo mbili zinaangukia mahali pamoja, na hapo ndipo wengi hupotea. Mzunguko wangu huenda siku 33, mwezi mwingine 36. Yai langu lilikuwa likitoka karibu na siku ya 20, siku ambazo mimi nilijihesabu salama. Tena mbegu za mwanamume huweza kuishi hadi siku 5 mwilini mwa mwanamke zikilisubiri yai, ambalo lenyewe halimalizi zaidi ya saa 24. Hilo nalo hatukuambiwa. Hesabu ya kalenda ilitokana na kazi ya Ogino wa Japani na Knaus wa Austria katika miaka ya 1920. Sisi tulifundishwa hata hiyo nusunusu, kana kwamba karibu miaka 100 iliyopita tangu hapo hakuna lililogunduliwa.

Tuliambiwa pia kwamba anayenyonyesha hashiki mimba. Neno hilo lina ukweli, ila lina masharti matatu: mtoto awe hajafikisha miezi 6, awe ananyonya maziwa ya mama tu, usiku na mchana, na hedhi iwe haijarudi. Sharti moja likivunjika, kinga imekwisha. Mimi nilimwanzishia mtoto uji akiwa na miezi 4, kama mama mkwe alivyonielekeza. Wa pili alizaliwa wa kwanza akiwa na miezi 15. Sijawahi kumtazama mtoto wangu yeyote kama kosa, Mungu ni shahidi. Lakini mwaka ule nilikuwa na watoto wawili mgongoni na kifuani, mwili haujarudi, na moyoni nikidhani labda mimi ndiye niliyekosa kuhesabu vizuri.

2. Aliyejua kufundisha alihamishwa, na kazi ikaondoka naye

Baada ya mtoto wa tatu nilikutana na mtawa mmoja mzee aliyekuwa akifundisha njia ya Billings, ile iliyoanzia Melbourne, Australia, mwaka 1953 kwa kazi ya daktari John Billings, baadaye akishirikiana na mkewe Evelyn, naye daktari. Alinikalisha kila baada ya wiki mbili kwa miezi mitatu. Hakunihubiria. Alinipa daftari na vibandiko vya rangi: chekundu kwa siku ya damu, kijani kwa siku kavu, cheupe chenye picha ya mtoto kwa siku za ute. Kila jioni kabla ya kulala nibandike kimoja.

Nilikuwa na miaka 29, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa mwili wangu unasema. Nilijifunza kwamba baada ya hedhi huja siku kavu, kisha ute mzito, kisha ute mwepesi, angavu, unaoteleza na kuvutika kama ute wa yai bichi. Siku ya mwisho ya ule unaoteleza ndiyo kilele. Tunahesabu siku 3 kamili baada yake, na kuanzia ya 4 tuko huru hadi hedhi. Alinionya kwamba fangasi na maambukizi mengine huharibu usomaji, na siku nilipopata alinituma nikatibiwe kwanza. Nilipomuuliza kuhusu kupima joto, alinieleza kwamba joto la asubuhi hupanda kidogo baada ya yai kutoka, yapata nyuzi 0.2 hadi 0.5. Akaongeza kwamba kwa sisi tunaoshikwa na malaria, na kwa mama anayeamshwa na mtoto mara nne usiku, kipimajoto peke yake kitamchanganya. Mtu anayejua kazi yake hufundisha hivyo, kwa kukutazama wewe na nyumba yako.

Kati ya wa tatu na wa nne tulipata miaka 4, na kati ya wa nne na wa tano miaka 5, kwa kuamua wenyewe. Mtawa yule alihamishwa kabla sijamzaa wa tano. Hakuna aliyeandaliwa kushika nafasi yake. Leo parokia yetu yenye vigango 7 haina hata mtu mmoja anayeweza kumsomea mwanamke daftari lake.

3. Zahanati zetu zinafunga mlango bila kuonyesha pengine pa kwenda

Mwanajumuiya mwenzangu alijifungua kwa upasuaji mara tatu. Daktari alimwambia waziwazi kwamba mimba nyingine ni hatari kwake. Alikwenda kwenye zahanati ya Kanisa kuomba ushauri. Aliambiwa, kwa upole kabisa, kwamba hapa sindano na vijiti hatutoi. Basi. Hakupewa karatasi, hakupangiwa siku, hakuelekezwa kwa mtu. Akaenda kituo cha serikali, akachoma sindano. Kwaresima ikafika, akaungama, akaambiwa aache. Akaacha, kwa kuwa ni mtu wa imani. Wakati huo wote hakuna aliyemwambia atafanya nini baada ya kuacha. Mimba ilipoingia alilazwa wiki nyingi hospitali ya rufaa, akapasuliwa mara ya nne. Yuko hai, mtoto naye yuko hai, na kila Jumapili nikiwaona namshukuru Mungu. Lakini, Baba, mwanamke huyu alitutii sisi sote, na utii wake ulikaribia kumzika.

Zahanati za Kanisa haziwezi kutoa kile Kanisa linachokataza. Hilo nalielewa na naliheshimu. Ila kama tunamnyima mtu kitu kimoja kwa dhamiri, dhamiri hiyohiyo inatudai tumpe kingine.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa karibu wanawake 31 katika kila 100 walio kwenye ndoa nchini Tanzania wanatumia njia za kisasa. Wamo ninaokaa nao benchi moja kanisani. Wengi hawakuasi. Walikwenda palipokuwa na mtu wa kuwahudumia.

4. Wanaume wameachwa nje

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Njia ya asili ni ya watu wawili. Mke anaweza kubandika vibandiko mwaka mzima, mume akirudi amelewa siku ya ute, daftari halina kazi. Najua wanawake wanaochoma sindano kwa siri kila miezi mitatu, kadi ya kliniki wameificha kwenye debe la unga. Wanafanya hivyo kwa sababu waume zao hawataki kusikia neno "subiri". Mwanamke huyo akiungama, ni yeye anayeambiwa aache. Mume anapokea Ekaristi bila kuulizwa lolote.

Mila zetu zilikuwa na namna yake. Bibi zetu waliogopa kubemenda mtoto, yaani kumdhoofisha kwa kulala na mume angali ananyonya, kwa hiyo mke anayenyonyesha alilala mbali na mumewe hata miaka miwili. Ilisaidia kuachanisha uzazi, na mume akajipatia nyumba ndogo. Mtakatifu Paulo aliona hatari hiyo mapema alipowaandikia Wakorintho wasinyimane ila kwa kupatana, na kwa muda tu. Njia ya asili inayofundishwa vizuri huwaomba wanandoa kusubiri siku chache za kila mzunguko, wakijua kwa nini na hadi lini. Mume wangu alipoelezwa hivyo na mwanamume mwenzake, alielewa jioni moja kile nilichoshindwa kumweleza kwa miaka 6. UWAKA, umoja wa wanaume Wakatoliki, wanakutana kila mwezi. Kwa miaka yote nimeona ajenda zao zikijaa michango na ujenzi.

5. Kitubio

Sitaeleza mengi, ni mahali patakatifu. Nasema tu kwamba wapo mapadre wanaotoa msamaha na kumtuma mtu kwa mwalimu, na wapo wanaofoka. Humanae Vitae yenyewe, kifungu cha 29, inawakumbusha mapadre kwamba kulishika fundisho kikamilifu lazima kwende na uvumilivu na wema, kama Bwana mwenyewe alivyowatendea wakosefu.

Najua majibu yatakayokuja, kwa kuwa baadhi nimekwisha kuyasikia.

Tutaambiwa hakuna fedha. Baba, njia hii inahitaji daftari, kalamu na mtu aliyefundishwa. Tumejenga ukuta wa parokia, tumenunua gari la parokia, tumechangia sherehe za jubilei, na wanawake ndio waliopita nyumba kwa nyumba kukusanya. Tuambieni ni kiasi gani. Tutapita tena.

Tutaambiwa mapadre hawawezi kuzungumza habari za ute na hedhi. Ni kweli, na hakuna aliyewaomba. Humanae Vitae, kifungu cha 26, inawataja wanandoa wenyewe kuwa mitume na viongozi wa wanandoa wenzao. Nao makungwi na masomo waliwafunda mabinti mambo haya kwa heshima kabla wamisionari hawajafika. Watu wa kufunda tunao. Wanahitaji maarifa sahihi na baraka yako.

Tutaambiwa pia kwamba watu hawana hamu. Jumuiyani kwetu, nilipoeleza ninachokijua kwa dakika 20 baada ya sala, wanawake walibaki hadi giza likaingia. Wawili walikuja kesho yake na waume zao.

Jibu zito zaidi ni kwamba njia hizi hazifanyi kazi, na nataka nilijibu kwa ukweli, kwa sababu tumeumizwa na wanaozisifu kupita kiasi sawa na tulivyoumizwa na wanaozibeza. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa mwaka 2007, uliofuatilia wanawake 900 waliounganisha kusoma ute na kupima joto, ulikuta waliofuata kanuni zote walioshika mimba kwa mwaka hawakufika 1 katika 100. Ukiwahesabu wote, walikuwa karibu 2. Njia ya shanga, ile ya mkufu wenye shanga 32 ambayo huhesabu siku ya 8 hadi ya 19 kuwa za hatari, ni kwa mwanamke ambaye mizunguko yake ni kati ya siku 26 na 32. Utafiti wake wa 2002 ulionyesha karibu 5 katika 100 kwa mwaka kwa walioitumia sawasawa, na karibu 12 kwa matumizi ya kawaida. Mimi, mwenye siku 33 na 36, shanga zingenipoteza. Kila moja ya njia hizi ina mtu wake, na asiye na mwalimu atajuaje ipi ni yake? Wanawake wa tafiti hizo walifundishwa. Sisi tuliandikiwa 14 ubaoni.

Wengine watasema anayeamini atamwachia Mungu idadi ya watoto. Kanisa halisemi hivyo. Katekisimu, namba 2368, inakubali kwamba wanandoa wanaweza kuachanisha uzazi kwa sababu za haki. Marehemu Papa Fransisko, Januari 2015, akirudi kutoka Ufilipino, aliwaambia waandishi wa habari ndani ya ndege kwamba wapo wanaodhani Mkatoliki mwema lazima azae kama sungura, akasema sivyo, ni uzazi wa kuwajibika. Nilipolisoma hili jumuiyani, mama mmoja wa watoto 9 aliomba nirudie.

Kwa hiyo, Mhashamu Baba, hatuombi jambo jipya. Familiaris Consortio, barua ya Papa Yohane Paulo II juu ya familia, ya mwaka 1981, namba 33, inataka ifanywe kila jitihada ili maarifa ya mizunguko ya uzazi yawafikie wanandoa wote, na vijana kabla ya ndoa, kwa mafundisho ya wazi, ya mapema na ya dhati yatolewayo na wanandoa, madaktari na wataalamu. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 1063, inawapa wachungaji wajibu wa kuwasaidia wanandoa kabla ya arusi na baada yake pia. Tunaomba yafuatayo:

Kwanza, kila parokia iwe na angalau jozi mbili za wanandoa waliofundishwa na kupimwa, wanaoweza kumfuatilia mwanamke kwa mizunguko mitatu. Waanze kwa dekania, yaani kundi la parokia jirani, kama parokia zote haziwezekani kwa mara moja.

Pili, mafundisho ya ndoa yatenge vipindi visivyopungua sita kwa jambo hili, wote wawili wakiwepo, na bibi arusi aanze kuandika daftari lake kabla ya siku ya arusi.

Tatu, kila zahanati ya Kanisa iwe na siku moja ya wiki na mtu mmoja aliyepangiwa kazi hii. Asirudishwe mwanamke yeyote bila kuelekezwa kwa jina na siku. Yule ambaye daktari amesema mimba ni hatari kwake apewe nafasi ya kwanza.

Nne, UWAKA na VIWAWA, yaani vijana wetu Wakatoliki, wafundishwe. Mume wangu amejitolea kuanza na wa kigango chetu.

Tano, mapadre wapewe orodha ya walimu, ili anayeungama asiondoke na katazo peke yake.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya Jumapili ya Familia Takatifu mwaka huu, hata kama jibu hilo ni la kusema lipi litawezekana na lipi halitawezekana. Ukitupangia siku ya kuja kukuona, tutakuja wote 11, pamoja na yule mama wa upasuaji mara nne. Ameniruhusu niandike habari zake, na amesema atazisimulia mwenyewe mbele yako. Nitabeba na daftari langu la vibandiko, la miaka 9, lionekane lilivyo.

Nakuomba baraka yako ya kichungaji.

Mwanao katika Kristo,
Mama wa watoto watano, katibu wa jumuiya,
kwa niaba ya wanawake 11 waliotia sahihi